Mwalimu wa valsi asiyeruhusiwa kucheza

Saa nane mchana, Jumamosi, Nyawera, mjini Bukavu, imechachamaa. Waendesha pikipiki wanagombania abiria, wabeba mizigo wanapita katikati ya watu wakipiga kelele waachiwe njia. Ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, msichana mwenye viatu virefu vya harusi anahangaika na kamba za jaketi la kuokoa maisha, lile la rangi ya machungwa. Mchumba wake amevaa suti ya kijivu na jaketi kama hilo. Amelivaa nyuma mbele.

"Umeisha kufa," anasema mzee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. "Wewe umeisha kufa, na bibi yako njo anaanza kuzama sasa. Mufungue. Muanze tena."

Kijana, Cédric, anacheka. Anatazama huku na huku atafute mwenzake wa kucheka naye, hampati. Anafungua kamba.

Cédric na Rosette hawajaja hapa kujifunza kuogelea. Wamekuja kujifunza valsi. Harusi yao ni baada ya wiki tatu, na Bukavu harusi ya mjini bila maharusi kufungua dansi ni aibu ya ukoo mzima. Wazazi wamekaa mbele, wasimamizi wamekaa pembeni, simu zote ziko juu zinapiga picha. Ukikanyaga gauni la bibi harusi, video itafika Kinshasa kabla keki haijakatwa.

Ndiyo maana watu wanamtafuta Donatien Zihalirwa, mwenye miaka hamsini na minne, ambaye wanafunzi wake wote wanamwita Papa Dona. Na kwa Papa Dona hakuna anayepiga hatua ya kwanza kabla hajafunga jaketi barabara ndani ya nusu dakika. Simu yake iko mkononi, inahesabu.

"Kwa meli ilikuwaka vile," anasema. "Mbele ya soare ya kwanza, ile dansi ya usiku, mbele ya muziki, kapiteni anapiga honi mara saba fupi, moja murefu. Batu bote wanavaa gilet kama hii, ata mwenye kuwa na makuta kushinda banki. Kiisha njo unaenda kuvaa suti nyeusi."

Mara ya nne, Cédric na Rosette wanafaulu. Majaketi yanawekwa pembeni, muziki unawashwa kwenye kispika kidogo, na msichana mwembamba mwenye nywele fupi anaingia katikati kuonyesha hatua. Huyo ni Ariane, binti wa pekee wa Papa Dona, ana miaka ishirini na mitatu. Anacheza sehemu ya mwanamume na Rosette, kisha sehemu ya mwanamke na Cédric.

Papa Dona hainuki. Anagonga mguu wa kiti kwa rula ya shule, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na mguu wake wa kulia umebanwa nyuma ya ule wa kushoto kana kwamba anauzuia usitoroke. Kwenye mkono wa shati lake kuna kipande cha kitambaa cheusi kilichobanwa kwa pini. Ni miezi kumi na minne sasa mwalimu huyu wa dansi hajacheza hata hatua moja.

Hakuwa mtu wa kukaa kitini. Baba yake alikuwa mpiga deki kwenye klabu moja ya kando ya ziwa, enzi zile watu wakubwa wakicheza bolero na valsi hadi taa zizimwe. Sakafu ilinyunyiziwa unga wa talki ili viatu viteleze. Asubuhi, kabla ya kupanguswa, Donatien mdogo alipita na kusoma nyayo kwenye unga ule: huyu alizunguka hapa, huyu alikosea hapa, huyu alisimama akaondoka. Anasema alijua valsi kwa miguu ya watu kabla hajamwona mtu yeyote akiicheza.

Akiwa kijana alifika Mombasa, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye meli kubwa ya abiria inayovuka bahari. Miaka miwili baadaye alikuwa mhudumu wa meza. Halafu jioni moja ya gala, mmoja wa wanaume walioajiriwa kucheza na abiria wa kike waliosafiri peke yao akaumwa tumbo.

"Mukubwa wetu akauliza, nani anajua valsi? Wenzangu bote kimya. Miye nikaweka sinia chini."

Tangu jioni hiyo sinia hakuishika tena. Alipewa suti nyeusi, tai ya kipepeo na viatu vya kung'aa, na masharti ambayo bado anayataja kama sala. Usicheze mara mbili mfululizo na mwanamke yuleyule. Usikae wakati kuna mama amekaa bila mwenzi. Unavuka sakafu peke yako, unasimama hatua mbili mbele ya kiti chake, unainama, unaomba. Akikubali, unashukuru. Akikataa, unashukuru vilevile, unarudi ulikotoka, na uso wako usionyeshe kitu.

Usiku mwingine alicheza na wanawake thelathini. Bahari ikichafuka, sakafu inalala upande, taa za kioo zinayumba, na yeye ananong'ona kwa wajane wenye lulu shingoni wapunguze hatua, wasishindane na maji. Kila safari ilianza na zoezi la majaketi, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri, yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukumbi kuwaonyesha abiria kamba inapita wapi. Kwa hesabu yake aliwafundisha watu zaidi ya elfu kumi na tano. Alivuka Atlantiki mara arobaini na moja.

Aliporudi Bukavu kwa kudumu, mke wake Monique, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemlea Ariane karibu peke yake. Donatien akakodi chumba hiki cha Nyawera, akasugua saruji kwa mishumaa iliyoyeyushwa hadi ikateleza, akamfundisha Monique hatua zote. Walionyesha pamoja, yeye na mkewe, jozi kumi na mbili za wachumba kwa mwezi. Siku hizi, na vita hivi, benki zimefungwa na watu wamekimbia, jozi tatu ni baraka. Ada imeshuka hadi dola kumi, na wengine wanaleta maharagwe. Kutoka Kasha, anakoishi, hadi Nyawera anakuja kwa miguu.

Lakini si njaa inayomkalisha kitini. Aprili mwaka jana boti ya abiria iliyotoka Bukavu kwenda Goma ilipigwa na upepo ikapinduka. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, barabara haipitiki, watu wakabaki na ziwa tu. Waliookolewa walikuwa kumi na tisa, na kumi na wanne kati yao walikuwa wamevaa jaketi. Monique alikuwa ndani ya boti hiyo, akienda kwenye harusi ya mpwa wake. Mwili wake haujaonekana hadi leo.

Kwa ukoo wa Monique, mtu aliyefiwa na mke hachezi hadi siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo wanakula, wanavaa vizuri, na mjane anafungua dansi. Na hafungui peke yake. Ni lazima mtu wa damu ya marehemu amshike mkono waingie katikati. Asiposhikwa, hata kama wageni wote watacheza mpaka jua lizame, yeye matanga yake hayajaondoka. Anabaki na kitambaa chake cheusi.

Kwa mkulima hilo ni jambo la heshima. Kwa Papa Dona ni heshima, ni kazi, ni pumzi. "Watu wanasema, cheza tu pale juu, nani atakuona?" anasema. "Monique ataniona. Na miye pia nitajiona."

Anayepaswa kutoa ruhusa ni kaka mkubwa wa Monique, Grégoire, mkulima wa Nyantende, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Mara nne Donatien amekwenda kwake na kinywaji kumwomba siku. Mara nne Grégoire amemwambia mwili haujaonekana, hawezi kuondoa matanga ya mtu ambaye hajamzika. Halafu, kila mara, amemwomba kitu kilekile.

"Ananiambia, simulia tena. Toka mwanzo. Toka asubuhi ile muliamka. Namusimulia, ananiangalia, anasema, ile njo yote? Nasema ile njo yote. Anasema, basi, rudi kwako." Papa Dona anatikisa kichwa. "Nilifikiria ni kichwa ngumu tu ya kishamba."

Cédric na Rosette wamekwisha kuondoka, Ariane ameshuka kununua maji. Mzee anaangalia mlango, kisha yale majaketi mawili pembeni. Anapoanza kusema tena, sauti imeshuka hadi unalazimika kusogea.

"Haikuwa yote," anasema.

Asubuhi ile alimsindikiza mkewe bandarini. Monique alivaa gauni la kijani la hariri, lile la kuvaa harusini, kwa sababu angefika moja kwa moja ukumbini. Pale penye daraja la mbao alikuwapo mama mmoja, Bintu, anayekodisha majaketi kwa wasafiri. Monique akasimama mbele yake.

"Akaniuliza, 'Papa Ariane, na gilet?' Miye nikacheka. Nilicheka mbele ya batu! Nikamwambia, 'Ziwa hii? Hii ni sahani ya supu. Miye nimepita Atlantike mara makumi ine na moja. Acha, itakukunja robe ya hariri bure.' Na yeye akacheka. Akaacha. Akapanda."

Anajipangusa uso kwa kiganja chote, kutoka paji hadi kidevu.

"Niliwafundisha wazungu elfu kumi na tano kufunga ile kamba. Muke wangu mwenyewe sikumufundisha ata siku moja. Ata siku moja, unasikia?"

Hajawahi kumwambia mtu, hata Ariane. Binti anadhani majaketi haya, ambayo mzee aliyaagiza kutoka kwa mama Bintu baada ya msiba, ni baba yake kukumbuka meli. Papa Dona aliomba habari hii isichapishwe kabla ya Jumapili. Jumapili alikuwa anakwenda Nyantende mara ya tano, na safari hii alitaka kusimulia kweli.

Jumapili, baada ya misa, viti tisa vilipangwa mbele ya nyumba ya Grégoire. Ndugu za Monique walikaa, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na Ariane akakaa na mama zake wadogo. Donatien alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya meli, mabega yamepauka kwa jua la Kasha. Alisimama.

Grégoire akasema kama kawaida yake: "Toka mwanzo."

Akaanza na asubuhi, chai, gauni, njia ya kushuka bandarini. Akafika kwenye daraja la mbao. Halafu akayasema yote: swali la Monique, kicheko chake, sahani ya supu, Atlantiki, gauni lisikunjike. Aliyasema bila kujitetea na bila kulia, na alipomaliza hakukaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Ariane aliinuka. Hakupiga kelele, hakumtazama baba yake. Alipita nyuma ya viti akaingia kwenye shamba la maharagwe, na watu wakamwona akisimama huko katikati, mgongo kwao, mikono imening'inia.

"Nilijua," alisema Grégoire.

Donatien akadhani hakusikia vizuri.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilishuka bandarini, nikamuuliza kila mutu. Mama Bintu aliniambia: alitaka kukodi, bwana yake akamuchekelea." Grégoire alikuwa anaongea polepole, akichimba udongo kwa ncha ya fimbo. "Mwili ulikuwa sababu ya mudomo tu, Donatien. Kuna batu ziwa haibarudishake, na tunabalilia, na tunaondoa matanga. Miye nilikuwa nakungoja wewe. Mara ine ulikuya hapa na kinywaji, mara ine uliruka ile neno moja."

Hapo ndipo mzee alipolia. Alilia kwa sauti, kwikwi zikampanda, mbele ya mashemeji na majirani waliokuwa wamechungulia kwenye uzio. Hakuna aliyemgusa.

Hukumu ilitolewa kabla ya chakula. Matanga yataondolewa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, hapohapo Nyantende. Kwa kuwa hakuna mwili, watazika kitenge chake cha kazi na boksi la chaki alizoacha nyumbani. Watu watakula, watu watacheza.

"Lakini miye sitakushika mukono," Grégoire alisema. "Na hawa wadogo zangu hawatakushika. Sikuchukie. Ila mukono wangu hautainuka, na sitaki kuudanganya. Damu ya Monique inabaki moja tu." Akaelekeza fimbo shambani. "Umuombe yule. Akikukatalia, utabaki na hicho kitambaa, na hakuna mutu hapa atamulazimisha."

Walirudi mjini kwenye gari moja, baba mbele, binti nyuma. Njia nzima hakuna aliyefungua mdomo. Wiki nzima ilikwenda hivyohivyo. Ariane alipika, akamwekea sahani, akaenda zake chumbani. Papa Dona anasema alikuwa anasikia kijiko chake mwenyewe kikigonga sahani na akaona haya ya kula.

Jumamosi iliyofuata alipanda ngazi za Nyawera akiwa na hakika kwamba atafundisha peke yake, mwalimu aliyekaa, bila mtu wa kuonyesha. Alipofungua mlango alimkuta Ariane amekwisha kufagia. Alikuwa ananyunyiza talki sakafuni, kiganja baada ya kiganja, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Harusi ya watu haina kosa," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba yake kwa siku sita.

Sasa ni saa nane tena. Cédric na Rosette wamevaa majaketi, na leo wanacheka kidogo tu, maana hadithi imekwisha kuzunguka mji. Simu inahesabu. Sekunde ishirini na sita. Cédric anainua mikono kama aliyefunga bao, kisha anakumbuka alipo, anaishusha.

Papa Dona yuko kitini, rula mkononi. Viatu vyake vya kung'aa, ambavyo kwa miezi kumi na minne vilikaa ndani ya mfuko, leo vimewekwa chini ya dirisha vipigwe jua. Amevipaka kiwi mara mbili wiki hii. Mpango wake ni mmoja, na ameupanga hatua kwa hatua. Siku ile ya Agosti, muziki ukianza, ataacha kiti chake, atavuka uwanja wa Grégoire peke yake, watu wote wakimwangalia. Atasimama hatua mbili mbele ya binti yake. Atainama. Ataomba.

"Kwa meli walinikatalia mara mingi," anasema. "Kuna mama mumoja alinikatalia kila soare, siku kumi na mbili. Unashukuru, unarudi. Uso haionyeshi kitu." Anatazama viatu chini ya dirisha. "Ile ya Agosti, sijue kama uso itaniheshimu."

Na Ariane asipomkatalia?

Anasema atacheza valsi moja tu, hatua fupi, halafu Jumatatu atashuka bandarini. Tangu Aprili ile hajakanyaga pale. Amekwisha kutuma ujumbe kwa mama Bintu kumwomba nafasi karibu na meza yake, asubuhi za safari, awaonyeshe abiria kamba inapita wapi. Mama Bintu amejibu kwamba atafikiri.

Ariane anasikia yote haya, chumba ni kidogo. Amepiga goti mbele ya Rosette na anavuta kamba ya chini ya jaketi, ile ambayo kila mtu anaisahau. Anaulizwa kama Agosti atampa baba yake mkono. Anakaza fundo, analijaribu kwa kidole, analikaza tena.

"Aniombe kwanza," anasema, bila kugeuka. "Mbele ya batu bote. Hapo njo nitajua."

Rula imenyamaza kwenye mguu wa kiti. Ariane anafungua lile fundo, anamkabidhi Rosette kamba zote mbili.

"Tena," anamwambia. "Toka mwanzo."